Deraya Isiyopiga Goti

Liyongo alikufa amepiga goti. Hivyo ndivyo bibi alivyotuhadithia habari za shujaa huyo wa kale wa pwani yetu, na hivyo ndivyo ninavyomwona mpaka leo: amechomwa sindano ya shaba kitovuni, mahali pekee ambapo silaha iliweza kumdhuru, akajikokota hadi kisimani, akapiga goti, akapachika mshale upindeni, roho ikamtoka akiwa bado amelenga. Watu wa mji wakakaa na kiu siku kadha. Hakuna aliyethubutu kukikaribia kisima, kwa kuwa wote walidhani shujaa yu hai na ana hasira nao.

Nilipoamua kumvaa Liyongo kwenye NAICCON, yale maonyesho ya Nairobi ya vibonzo na kosplei, yaani kuvaa kama mhusika wa hadithi, nilikuwa na picha hiyo moja tu kichwani: goti chini, upinde umevutwa. Nilitumia miezi mitano na shilingi 33,000 kutengeneza deraya, yaani vazi la kujikinga vitani, na kinyago, vyote vya plastiki. Siku ilipokamilika niliivaa mbele ya kioo cha kabati la mamangu, nikajaribu kupiga goti, nikakwama katikati. Bamba la paja liligota kwenye bamba la tumbo, la tumbo likaisukuma juu dirii, lile bamba la kifua, na ukingo wa dirii ukanikaba koo. Nikasimama pale nimeinama nusu, siwezi kushuka, na kuinuka nainuka kwa shida.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote wa huku kwetu anayetaka kuanza kazi hii. Mimi nilijifunza kwa video za watu wa Ulaya na Marekani. Ni walimu wazuri, nawashukuru, lakini wanafanya kazi kwenye karakana kavu zenye nafasi, na vifaa wanavinunua mtaa wa pili. Mimi niko Mombasa, keshia wa duka la vifaa vya ujenzi, nyumba ni ya vyumba viwili na tunaishi watu watano.

Kwanza nieleze plastiki yenyewe. Ninayoizungumzia ni ile inayolainika ikipata joto na kukakamaa tena ikipoa, wajuzi huiita themoplastiki. Nimeshika aina tatu. Worbla inatoka Ujerumani, ni karatasi ya rangi ya hudhurungi yenye unene wa kama milimita 1. Ikifika nyuzi 90 hivi inalegea kama chapati iliyotoka kwenye chuma, unaivuta na kuikunja utakavyo, na vipande viwili vikigusana vikiwa moto vinashikana bila gundi. Halafu kuna chembechembe nyeupe zinazouzwa kwa majina mengi. Hizo unazitia kwenye maji ya nyuzi 60, zinakuwa kama donge la mandazi, unafinyanga kwa mkono. Na kuna PVC, hii hii ya mabomba ya maji machafu, ambayo huanza kulegea ikipita nyuzi 80.

Mimi nilianza na ya ghali. Niliagiza karatasi moja ya Worbla ya sentimita 75 kwa 100, na mpaka inafika mkononi, pamoja na nauli, ushuru na VAT ya asilimia 16, ilikuwa imenigharimu shilingi 16,800. Niliibeba kutoka posta nimeikumbatia. Jioni hiyo hiyo nikaitandika sakafuni, nikachukua fulana yangu, nikaichora kuizunguka kwa chaki, nikakata.

Fulana ni bapa. Kifua si bapa. Sikulifikiria jambo hilo mpaka plastiki ilipokuwa imeshalegea juu ya povu, ile mikeka laini ya watoto ya kupachanisha niliyoitanguliza chini yake, na ninaivuta ifike kwapani, nayo haifiki, imepungua kama sentimita 6. Kadiri nilivyovuta ndivyo ilivyozidi kuwa nyembamba, mpaka povu likaanza kuonekana chini yake. Na kwa kuwa video niliyoifuata ilifundisha kulifunika povu pande zote mbili, mbele na nyuma, karatasi yote ilikwisha kwenye kipande kimoja kilichoharibika. Ni kweli mabaki ya Worbla hayatupwi, unaweza kuyapasha na kuyakanda upya, lakini yanarudi donge. Karatasi haikurudi.

Kama ningeanza leo, ningekata kila kitu kwanza kwa makaratasi ya boksi, yale yanayotupwa nje ya maduka. Nikivaa boksi na kuona linakaa, nahamia kwenye povu. Hiyo nayo naivaa, natembea nayo nyumbani, naosha vyombo nayo. Plastiki ya kuagiza inaingia mwisho kabisa, na kwa dirii upande wa mbele peke yake unatosha, ukizikunja kingo sentimita 1 kwenda nyuma ya povu.

Mjomba wangu ni fundi bomba. Nilipomwonyesha ile dirii iliyokufa aliigeuza mikononi, akauliza bei. Nikamtajia. Akanyamaza. Kesho yake alikuja na vipande vitatu vya bomba la inchi 4 vilivyosalia kazini, akaviweka mlangoni.

"Hii nayo ni plastiki," akaniambia. "Sisi twaipasha moto kila siku tukitaka kupanua mdomo wa bomba uingie mwenzake. Umeenda kununua Ujerumani kitu ambacho mjombako anacho kwenye mkokoteni."

Alinifundisha kulipasua bomba kwa urefu kwa msumeno wa chuma, kulipasha polepole kutoka upande mmoja, kulifungua, kisha kulibana kati ya mbao mbili na kuweka mawe juu mpaka lipoe. Bomba la milimita 110 likifunguka linakupa ubao wa upana wa karibu sentimita 34. Ni mgumu kuliko Worbla na hauna gundi ndani yake, kwa hiyo kila kiungo utakipiga ribiti au utakitia gundi, lakini ukivunjika unakata mwingine.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo ningependa usomaji wako upungue mwendo.

Ilikuwa masika, mvua inanyesha, na nilikuwa na bamba la mkono la kumalizia. Nilifunga dirisha la chumba ili mvua isiingie, nikawasha bloa, ile ya hewa ya moto wanayotumia wabandika tinti za magari, nikaielekeza kwenye PVC kwa karibu mno nikitaka nimalize haraka. Plastiki ikang'aa, ikalegea, halafu pembeni ikaanza kugeuka kahawia. Nilidhani ni kivuli. Moshi mwembamba ukatoka, harufu kali ya kuchoma pua, na kabla sijazima bloa, macho yalikuwa yanatiririka na kifua kimebana. Mamangu alifungua mlango.

"Wafanyani humu? Wataka kujiua?"

Sikuweza kumjibu. Sauti ilinipotea siku nne. Kliniki nililipa shilingi 2,300, na daktari alinieleza kwamba PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu wa kooni na kwenye mapafu inakuwa asidi. Lakini gharama ya kliniki si kitu. Mdogo wangu ana pumu, na chumba kile ndicho anacholala. Jioni ile alikuwa madrasa. Nimejirudia neno hilo mara nyingi nikiwa peke yangu usiku: alikuwa madrasa.

Tangu siku hiyo napashia uani, upepo ukinipiga mgongoni, na hakuna mtoto karibu. Bloa naiweka umbali wa kiganja, nayo haitulii mahali pamoja, inatembea kama mtu anayepiga pasi. Sitazami rangi, natazama uzito: plastiki ikianza kuning'inia kwa uzito wake mwenyewe, imeiva, zima. Ukisubiri ibadilike rangi umechelewa. Vipande vidogo navitumbukiza kwenye maji yanayochemka badala ya bloa, kwa sababu maji hayapiti nyuzi 100 na PVC haiwezi kuungulia humo. Sufuria ya kazi hiyo haipikiwi tena. Ya kwanza nilichukua ya mamangu bila ruhusa, nikalazimika kumnunulia nyingine.

Na barakoa. Ile ya hospitali haikusaidii kitu kwa mvuke, wala kitambaa hakisaidii. Inatakiwa ile ya mpira yenye vichujio viwili vya kufunga pembeni, na kwenye vichujio paandikwe kwamba vinazuia mivuke ya kemikali na gesi za asidi. Yangu niliinunua shilingi 3,800 baada ya kuumia. Ningeinunua kabla ya bloa. Hata hivyo barakoa hiyo si ruhusa ya kuunguza plastiki, ni akiba tu ikitokea umekosea. Naivaa pia nikipaka gundi ya viatu, kwa sababu nyingi zina kemikali ya toluini, inalewesha na inashika moto upesi. Gundi hiyo unapaka pande zote mbili, unasubiri ikauke mpaka isinate kidoleni, ndipo unabana. Bloa na kopo la gundi visikae meza moja.

Baada ya kupona nilirudi kwenye vipimo, safari hii kwa adabu. Mamangu alinivika fulana kuukuu, akanizungushia karatasi ya plastiki ya kufunikia chakula, juu yake akanibandika selotepu ya kijivu kutoka kiunoni hadi shingoni. Tukachora mistari kwa kalamu: hapa kwapa, hapa kitovu, hapa mbavu ya mwisho. Akalikata ganda mgongoni kwa mkasi, nikatoka. Ukilikata ganda lile kwenye mistari na kulilaza mezani, unapata ruwaza inayolingana na mwili wako, si wa mtu mwingine. Ni njia nzuri sana. Kosa langu lilikuwa dogo, na ndilo lililonigharimu zaidi ya yote: nilipigiwa selotepu nimesimama wima, mikono imeshuka, nimevuta pumzi. Kila nilichokikata baada ya hapo kilimfaa mtu aliyesimama wima amevuta pumzi.

Kinyago nacho kilikuwa na hadithi yake. Sikutaka uso wa mtu. Nilitaka uso uwe kama mlango wa Lamu, maua ya duara katikati na mikufu inayozunguka fremu, kana kwamba Liyongo ni nyumba iliyofungwa. Nilibandika karatasi ya jikoni ya fedha usoni pangu, nikaiimarisha kwa selotepu, nikaitumia kama kalibu, na juu yake nikalaza yale mabaki ya Worbla niliyoyakanda na kuyasukuma kwa chupa kama chapati. Kilitoka kizuri mno. Kilikaa usoni kama ngozi. Nilikivaa kwa dakika nne, jasho likanijaa machoni, pumzi yangu mwenyewe ikawa inanirudia, na nikaanza kuhisi ile hofu ya mtu aliyetumbukizwa majini. Nilikivua kwa nguvu nikakwaruza sikio.

Kinyago kinachokaa kama ngozi hakivaliki. Uso unahitaji hewa mbele yake. Nilikirudisha kwenye moto, nikakipanua, kisha nikabandika ndani vipande vya povu vya sentimita 2 kwenye paji, kwenye mifupa ya mashavu na chini ya kidevu, ili kinyago kishike hapo tu na kwingine kote kielee. Nikatoboa matundu katikati ya kila ua. Kutoka nje huoni kitu, kivuli cha nakshi kinayaficha. Macho niliyapanua kuliko nilivyodhani yanahitaji, nikaweka neti nyeusi kwa ndani: mtu akikutazama haoni jicho, wewe unaona karibu kila kitu isipokuwa miguu yako. Hiyo miguu iheshimu. Ukivaa kinyago cha uso mzima, uwe na mtu wa kukushika mkono kwenye ngazi, hata kama unaona aibu kumwomba. Baadaye niliongeza feni ndogo ya kompyuta ya volti 5 kwenye kidevu, inakula umeme wa pawabenki iliyofichwa kiunoni. Inavuma kidogo, lakini ndani ya kinyago ni upepo wa pwani.

Rangi nitaipitia haraka. Worbla ina chenga, na ukiipaka rangi hivi hivi itaonekana kama ukuta usiopigwa lipu. Nilipaka gundi nyeupe ya mbao mara nne, nikipiga msasa kila ikikauka, namba 240 kisha 400. Video zinasema saa moja kati ya mkono na mkono. Hapa, miezi ya unyevu, nilisubiri mpaka kesho yake, na mara niliposhindwa kusubiri gundi ilibaki na uteute ndani na rangi ikapasuka juu yake. Rangi ya kupuliza usiipulize alfajiri wala baada ya mvua, inaota ukungu mweupe. Saa nne asubuhi, jua limekausha hewa, kivulini, ndio wakati wangu. Anza na nyeusi, kisha piga shaba kwa brashi karibu kavu ili igande kwenye vilima vya nakshi na mabonde yabaki na giza. Hapo ndipo plastiki inapokuwa chuma. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilimwita kila mtu nyumbani aje atazame.

Basi nikafika kwenye kile kioo, na goti lililokataa.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Nililia usiku ule, sioni haya kusema. Kila bamba peke yake lilikuwa kazi nzuri, na yakikaa pamoja yalikuwa jela. Asubuhi nililibeba bamba la tumbo na la paja nikampelekea mzee anayeshona viatu Majengo, nilitaka tu anipigie ribiti mpya mahali palipong'oka. Alinisikiliza, akaweka nyundo chini.

"Mwanangu, kamba umepata kumla?"

"Nimemla, mzee."

"Ganda lake ni moja?"

Si moja. Kila aliyekaa na bibi yake jikoni akimenya kamba analijua ganda lile: vipande vyembamba, kila kimoja kimeingia chini ya mwenzake, na mnyama anajikunja mpaka mkia unagusa tumbo bila pengo kuonekana mgongoni. Mzee alichukua kisu chake, akanitazama kama anayeomba ruhusa, nikatikisa kichwa kukubali, akalikata bamba langu la tumbo lililopakwa rangi mara saba.

Tulilikata vipande vya upana wa sentimita 5. Kila kimoja kililalia kingine kwa sentimita 2. Nyuma tukapitisha mikanda mitatu ya nailoni, ya aina inayoshonewa mabegi, mmoja katikati na miwili pembeni, na ribiti zikapigwa kwenye ukingo wa juu tu wa kila kipande. Siri iko hapo. Ukipiga ribiti juu na chini, umerudi kwenye bamba moja. Ukipiga juu peke yake, upande wa chini unaelea, unateleza juu ya jirani yake mwili ukijikunja, na unarudi mahali pake ukinyooka. Mapaja nayo tuliyafanya hivyo hivyo, tukayaning'iniza kwenye mshipi kwa bizimu badala ya kuyafunga mguuni. Kitovuni tuliacha wazi. Hapo nilikuwa nimepanga tangu mwanzo kuweka kijiduara cha shaba, alama ya mahali alipochomwa. Kilikuwa kigumu na ndicho kilichokuwa kinachoma mbavu kila nikiinama, nikakishona kwenye kitambaa cha ndani badala ya plastiki.

Mzee alikataa kulipwa zaidi ya bei ya ribiti. Nilimpelekea kilo ya kamba.

Tangu hapo kipimo changu si kioo. Kabla ya kupaka rangi yoyote navaa vipande vyote na kufanya mambo matano: nakaa kwenye kigoda, napiga goti, nainua mikono yote juu ya kichwa, naokota shilingi sakafuni, naenda msalani. La mwisho usilicheke. Siku ya maonyesho utakuwa ndani ya vazi hilo kwa saa sita, na kama kulivua kunahitaji watu wawili na dakika ishirini, hutakunywa maji, na asiyekunywa maji ndani ya plastiki anaanguka.

Nilidhani shida zimekwisha. Nilisafiri kwa basi la usiku, deraya ndani ya boksi, boksi kwenye buti ya nyuma. Sikumwambia mtu wa mizigo kilichomo, wala sikuuliza injini iko wapi. Asubuhi, nyumbani kwa rafiki yangu Nairobi, nilifungua na kukuta PVC na Worbla ziko salama, lakini maua kumi na mawili ya mabegani, niliyoyafinyanga kwa zile chembechembe nyeupe, saba kati yake yalikuwa yamelala bapa kama sarafu na mawili yameganda kwenye dirii. Nyuzi 60 si joto kubwa. Buti juu ya injini linafika, gari lililoegeshwa juani linafika. Chembechembe hizo nawashauri watu wa pwani wazitumie kwa vitu vidogo visivyobeba uzito, na vikishamalizika visafiri nawe ndani, juu ya kiti chako. Rafiki yangu alinichemshia maji ya birika na tukayafinyanga upya mezani kwake, chai ikisubiri. Ndani ya mfuko nilikuwa na rangi ya shaba, gundi kali, kiberiti, sindano na uzi. Asiyebeba mfuko huo asisafiri.

Hesabu niliyoitaja mwanzoni ilikuwa hivi: Worbla 16,800, bloa 3,200, mikeka ya povu 1,400, gundi 900, rangi na msasa 4,600, barakoa 3,800, kliniki 2,300. Bado nauli, ribiti, na sufuria ya mamangu. Ukitoa Worbla, ambayo ningeikwepa kabisa mara ya kwanza, na kliniki, ambayo haikupaswa kuwepo, inabaki chini ya 14,000. Hiyo ndiyo bei halisi ya deraya ya bomba kwa mtu anayeanza, na nusu yake ni vifaa vitakavyobaki kwa kazi inayofuata.

Ukumbini nilitembea nimeshikwa mkono. Watu walidhani ni mhusika wa mchezo wa kompyuta, wakaniuliza wa mchezo gani. Niliwajibu, na wengi walikuwa hawajalisikia jina, hata waliosoma Kiswahili shuleni. Nilipofika mbele ya kamera nilishusha goti la kulia. Magamba ya tumbo yalijikunja moja baada ya jingine, nikayasikia, kama mtu anayechanganya karata polepole. Goti likagusa sakafu. Nikavuta upinde na kukaa hivyo, feni inavuma kidevuni, na kwa muda nikaelewa kwa nini watu wa mji ule hawakuthubutu kusogea.

Kwenye foleni ya picha alikuwepo mzee mmoja mwenye kofia ya vito, ameletwa na wajukuu. Aliniangalia tangu chapeo hadi viatu, akasogea karibu, akainama kutazama kile kijiduara cha kitovuni.

"Liyongo," akasema. "Sasa sindano i wapi?"

Sikuwa nayo. Miezi mitano nilikuwa nimetengeneza kila kitu alichovaa, na silaha iliyomwua sikuifikiria. Nilimwahidi nitaileta mwakani, naye akaitikia kama mtu aliyepewa tarehe ya harusi.

Juzi nimeifanya. Nilikuwa na donge la mwisho la Worbla, kama ngumi ya mtoto, mabaki ya ile dirii ya kwanza. Nililipasha uani, nikaliviringisha kwenye ubao kwa viganja viwili mpaka likatoka refu na jembamba, nikalinyoosha likiwa bado moto. Limepoa na urefu wa sentimita 22. Gundi ya mbao imeshapakwa mikono mitatu, inakauka dirishani. Kesho saa nne, kusiponyesha, naipulizia nyeusi.